Jim Larkin alishindwa mwaka 1913: kwa nini basi Dublin imemwekea sanamu?

Swali: Msomaji wetu wa Tanga, ambaye ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, anaandika: "Nimekuwa nikisoma habari za James Larkin wa Ireland. Mgomo wake mkubwa wa 1913 ulishindwa, chama alichokianzisha kikamfukuza, na bungeni hakudumu. Hata hivyo sanamu yake imesimama katikati ya Dublin. Alifanya nini hasa hata akapewa heshima hiyo? Na je, alikuwa mwanasiasa wa maana au mpiga kelele tu?"

Jibu:

Ndugu katibu, hayo matatu uliyoyasoma ni kweli yote. Mimi naona heshima ile aliistahili kwa kazi ya miaka saba tu, tangu 1907 mpaka mwanzoni mwa 1914, alipowafanya vibarua ambao hakuna aliyewahesabu wajione kuwa ni kitu kimoja. Yaliyoharibika baadaye, na ni mengi, chanzo chake ni tabia ile ile iliyomwezesha kufanya kazi hiyo: hakujua kupunguza mwendo, wala hakujua kugawana uongozi na mtu.

Larkin alizaliwa Liverpool, Uingereza, Januari 1874, kwa wazazi maskini waliohamia huko kutoka kaskazini mwa Ireland. Mwenyewe alipenda kusema amezaliwa Newry, lakini kumbukumbu zinaonyesha Liverpool. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa bado mdogo, kwa hiyo shule yake ilikuwa fupi. Aliingia bandarini. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya kujaza uwanja, na pombe hakuigusa maisha yake yote. Akapanda mpaka kuwa mnyapara katika kampuni ya meli ya T. & J. Harrison, kazi yenye uhakika ambayo kuli wa kawaida aliiota tu. Mwaka 1905 makuli waligoma kwa sababu ya wanyapara waliokataa kujiunga na chama. Larkin alikuwa mnyapara, lakini alisimama upande wa makuli. Mgomo ulishindwa, kazi yake ikapotea, na chama cha makuli, National Union of Dock Labourers, kikamwajiri kama mwandikishaji wa wanachama.

Januari 1907 chama hicho kilimtuma Belfast. Hapo ndipo ningependa ukae kidogo, kwa sababu watu wengi huruka moja kwa moja hadi 1913. Belfast lilikuwa jiji lililopasuka kwa dini: Waprotestanti mtaa wao, Wakatoliki mtaa wao, na mara nyingi hata kazi ziligawanywa hivyo. Mwajiri akigombana na kundi moja, alijua kundi lingine litamwokoa. Larkin, Mkatoliki mwenye asili ya Kiairishi na lafudhi ya Liverpool, aliandikisha makuli wa pande zote mbili, kisha wachukuzi wa mikokoteni ya farasi. Thomas Gallaher, tajiri wa tumbaku aliyekuwa pia mwenyekiti wa kampuni ya meli ya Belfast, aliapa kutozungumza na chama hicho. Bandari ikasimama. Julai ni mwezi ambao Waprotestanti huandamana kwa ngoma kukumbuka ushindi wao wa 1690, na kila mwaka watu huogopa ghasia. Mwaka ule umati wa wafanyakazi wa dini zote uliandamana pamoja, ukapita mitaa ya huku na ya kule.

Kisha likatokea jambo ambalo serikali haikulitegemea. Askari polisi mmoja aliyeitwa William Barrett aliamriwa kukaa kwenye gari la mzigo pembeni ya dereva aliyevunja mgomo, ili amlinde. Alikataa. Alipoadhibiwa, mamia ya polisi wenzake walimuunga mkono, nao wakadai nyongeza ya mshahara. Serikali ikaleta jeshi na kuwahamisha polisi wengi kutoka Belfast. Mwezi Agosti wanajeshi walifyatua risasi katika mtaa wa Falls na watu wawili wakafa. Baada ya hapo katibu mkuu wa chama, James Sexton, alikuja kutoka Liverpool, akafunga makubaliano na waajiri kundi baada ya kundi, na makuli, waliokuwa wa kwanza kugoma, wakaachwa mikono mitupu.

Larkin hakusahau. Alitoka Belfast akiamini kwamba makao makuu yaliyo ng'ambo ya bahari hayatapigana vita vya wafanyakazi wa Ireland mpaka mwisho. Mwaka 1908 aliendesha migomo Dublin na Cork bila kungoja ruhusa, chama kikamsimamisha, na mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo akaanzisha chama kipya, Irish Transport and General Workers' Union, ambacho nitakiita ITGWU. Ugomvi wa zamani ulimfuata. Mwaka 1910 alifungwa kwa sababu ya fedha za makuli wa Cork, ambazo alizitumia kwa shughuli za chama kwingineko badala ya kuzipeleka Liverpool. Hukumu ilikuwa mwaka mmoja, lakini malalamiko ya umma yalikuwa makubwa hata akatoka baada ya miezi mitatu hivi. Hesabu alizishika kichwani kuliko kwenye daftari, na kwa kiongozi wa chama hilo ni kosa hata kama hakujinufaisha kwa senti moja.

Sasa Dublin. Majumba makubwa ambayo matajiri walikuwa wameyahama yaligawanywa vyumba kwa vyumba na kupangishwa kwa maskini. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1914 ulikuta familia zaidi ya 20,000 zinaishi chumba kimoja kila moja. Vibarua walikuwa wengi kuliko kazi, na kuli aliajiriwa kwa siku, au kwa saa. Wengi walilipwa ndani ya baa. Msimamizi wa mizigo alikaa mezani, makuli wakapanga foleni kupokea ujira, na aliyetoka bila kununua kinywaji alijua kesho jina lake halitaitwa. Mke alisubiri nyumbani pesa ambayo ilikuwa imeshapungua kabla haijafika mlangoni. Larkin alipiga vita desturi hiyo bandarini mpaka akaing'oa. Ukiniuliza ni kwa nini wake wa makuli walimpenda, ningeanzia hapo kabla ya hotuba yoyote.

Wengi hudhani kazi yake ilikuwa migomo tu. Mwaka 1911 alianzisha gazeti, Irish Worker, lililowataja kwa majina waajiri wabaya na wenye nyumba wabaya, na likasomwa na maelfu ya watu ambao hakuna gazeti lililowahi kuandika habari zao. Mwaka huo huo, pamoja na dada yake Delia, alianzisha chama cha wafanyakazi wanawake. Makao makuu ya chama, Liberty Hall, ukingoni mwa mto Liffey, yaligeuka kuwa mahali pa kwaya, maigizo na mihadhara. Mwaka 1913 chama kilikodi shamba la Croydon Park huko Clontarf, lenye nyumba na bustani, ili familia zilizoishi chumba kimoja zipate mahali pa kupumzika Jumapili na watoto wao wakimbie kwenye majani. Waliokuwa wakimwita mchochezi hawakuwa na maelezo ya bustani ile.

Silaha yake kubwa ilikuwa mgomo wa kuungana mkono. Kampuni moja ikiwafukuza wanachama, makuli wanakataa kugusa mzigo wake, wachukuzi hawaupakii, na duka linaloupokea linakosa huduma. Mzigo huo uliitwa najisi. Kwa vibarua wasio na ujuzi maalumu, ambao mmoja akitoka kumi wanangoja langoni, hii ilikuwa nguvu pekee. Ila ilikuwa na hatari yake: ugomvi wa duka moja ungeweza kuliwasha jiji zima, na mfuko wa chama hauwezi kulipa posho bila mwisho.

Aliyeiona hatari hiyo mapema, akajiandaa, ni William Martin Murphy, mwenye kampuni ya tramu (magari ya abiria yanayopita kwenye reli za mitaani), gazeti la Irish Independent, hoteli ya Imperial na duka la Clery's. Murphy hakuwa mjinga, wala hakuwa mwajiri mbaya kuliko wote Dublin. Alisema hana neno na vyama, ila chama cha Larkin hakitaingia kwake, na Agosti 1913 akaanza kuwaachisha kazi waliokutwa ni wanachama. Asubuhi ya tarehe 26 Agosti, wiki ya maonyesho makubwa ya farasi ambapo jiji hujaa wageni, madereva na makondakta walibandika kifuani beji ya mkono mwekundu ya chama chao, wakaziacha tramu pale zilipofika. Lakini Murphy alikuwa tayari. Muda si mrefu tramu zilianza tena kutembea, zikiendeshwa na wasiogoma.

Larkin aliahidi kuhutubia Jumapili ya tarehe 31 Agosti katika barabara ya Sackville, ambayo leo ni O'Connell Street. Mkutano ukapigwa marufuku, na hati ya kumkamata ikatolewa. Siku ile polisi walijaa barabarani. Mzee mmoja mwenye ndevu, aliyevaa koti refu la heshima, aliingia hoteli ya Imperial akiwa ameinama, akafuatana na mwanamke kana kwamba ni mgonjwa anayesaidiwa. Akapanda juu, akatoka kwenye roshani, akanyooka. Alikuwa Larkin, ndani ya hoteli ya Murphy mwenyewe. Alisema maneno machache tu kabla ya kukamatwa. Chini polisi waliushambulia umati kwa virungu, wakiwapiga hata watu waliokuwa wakitoka kanisani, na mamia walijeruhiwa. Jioni iliyotangulia, katika vurugu za karibu na Liberty Hall, polisi walikuwa wamempiga James Nolan kiasi cha kumuua. John Byrne naye alikufa kwa majeraha ya virungu.

Siku mbili baadaye nyumba za kupangisha za Church Street zilianguka na kuua watu saba. Mmoja wao, Eugene Salmon, alikuwa na miaka 17. Alikuwa mwanachama wa ITGWU, ametolewa kazini katika kiwanda cha biskuti cha Jacob's. Aliwatoa wadogo zake kadhaa, akarudi ndani kumfuata mmoja aliyebaki, na wote wawili wakafia humo. Ndugu katibu, mtu akikuuliza wafanyakazi wa Dublin walikuwa wakipigania nini, mweleze habari za nyumba ile.

Tarehe 3 Septemba waajiri 404 walikubaliana kumpa kila mfanyakazi karatasi ya kutia saini, inayosema hatakuwa mwanachama wa ITGWU wala hatakiunga mkono. Asiyetia saini asirudi kazini. Angalia vizuri hapa, maana katika swali lako umeuita mgomo. Kwa sehemu kubwa haukuwa mgomo. Waajiri ndio waliowafungia milango watu wapatao 20,000, wengi wao wakiwa hawajagoma, na baadhi hata hawakuwa wanachama wa ITGWU ila walikataa kuandikiwa na tajiri chama cha kumchukia. Ukiwajumlisha wake na watoto, karibu theluthi moja ya jiji ilibaki bila mshahara.

Walivumilia karibu miezi mitano. Mwishoni mwa Septemba meli iitwayo Hare iliingia Dublin na chakula kilichotolewa na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, na chini ya Liberty Hall wanawake wakapika supu kwa maelfu. Mwanaharakati Dora Montefiore alipopanga watoto wenye njaa wakae kwa muda na familia za wafanyakazi Uingereza, Askofu Mkuu William Walsh alipinga akihofia imani yao, na makasisi na waumini wakaenda gatini kuwazuia wasipande meli. Mwezi Novemba, baada ya vipigo vingi vya polisi, Larkin, mwenzake wa ITGWU James Connolly na kapteni mstaafu Jack White waliunda Irish Citizen Army, jeshi dogo la wafanyakazi la kujilinda. Desemba binti wa miaka 16, Alice Brady, alipigwa risasi na mvunja mgomo akiwa anarudi na chakula cha msaada, naye akafariki mwanzoni mwa mwaka mpya.

Larkin alikuwa amefungwa Oktoba kwa maneno ya uchochezi, akaachiwa baada ya wiki mbili hivi. Alipotoka alivuka kwenda Uingereza kuwaomba wafanyakazi wa huko wagome. Kwenye mikutano ya hadhara alishangiliwa kuliko kiongozi yeyote. Lakini aliwatukana viongozi wa vyama vya Uingereza waziwazi, akawaita waoga na wasaliti, wakati ndio hao waliokuwa wakituma chakula. Tarehe 9 Desemba mkutano maalumu wa vyama hivyo ulikataa mgomo wa kuungana mkono kwa kura nyingi mno. Inawezekana wangekataa hata kama angewabembeleza, kwa kuwa wengi wao waliamini mgomo wa aina hiyo ungefilisi vyama vyao. Hata hivyo naamini matusi yake yaliwarahisishia uamuzi. Januari 1914 watu walianza kurudi kazini, ikiwezekana bila kutia saini, na wengine wakaitia kwa shingo upande.

Je, walishindwa? Kwa mkataba, ndiyo. Lakini Murphy alikusudia kukiua chama, na chama hakikufa. Kufika 1920 ITGWU ilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000, wakiwemo vibarua wengi wa mashambani. Kazi hiyo ya ujenzi ilifanywa na wengine, hasa William O'Brien na Thomas Foran, kwa ofisi zilizopangwa na vitabu vya hesabu vilivyokaa sawa. Mimi huwapa haki yao. Ila kibarua wa 1918 aliyekubali kulipa ada kila wiki alikuwa ameshajua, tangu 1913, kwamba watu wa tabaka lake wanaweza kusimama miezi mitano mbele ya waajiri 404 bila kupiga magoti. Hilo lisingepatikana kwa vitabu vya hesabu.

Oktoba 1914 Larkin, akiwa amechoka, alikwenda Marekani kutafuta fedha, akamwachia Connolly chama. Alikaa miaka zaidi ya minane. Connolly aliiingiza Citizen Army katika maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza na akapigwa risasi na Waingereza tarehe 12 Mei, Larkin akiwa mbali. Huko Marekani alipinga vita, akapokea fedha za Wajerumani waliotaka kuidhoofisha Uingereza, akajiunga na wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto, na mwaka 1920 akahukumiwa kifungo cha miaka 5 hadi 10 jijini New York kwa kosa la kueneza fikra za kupindua serikali. Charlie Chaplin alimtembelea gerezani Sing Sing. Januari 1923 Gavana Al Smith alimsamehe, na Aprili akawa Dublin tena.

Alirudi akidhani kiti chake kinamngoja. Alikuta chama kikubwa chenye taratibu, na O'Brien ameshika usukani. Kama angekubali kukaa na wenzake, angebaki mzee wa chama anayeheshimiwa. Badala yake alidai mamlaka yote, akavamia ofisi, kesi zikaenda mahakamani, na mwaka 1924 akafukuzwa. Mwezi Juni, yeye akiwa Moscow kwenye mkutano wa vyama vya kikomunisti vya dunia, ndugu yake Peter alianzisha chama kingine, Workers' Union of Ireland, na wanachama wengi wa Dublin wakahamia huko. Kwa miaka mingi vyama hivi viwili vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe, na aliyefaidi ni mwajiri. Sehemu hii simtetei.

Kuhusu siasa, hakuwa mpiga kelele tu, ingawa bunge halikumfaa. Mwaka 1912 yeye na Connolly walikuwa miongoni mwa waliosukuma azimio la kuunda chama cha Labour katika mkutano wa Clonmel, na chama hicho kipo hadi leo. Septemba 1927 wapiga kura wa Dublin Kaskazini walimchagua kuwa mbunge, lakini hakuruhusiwa kuchukua kiti, kwa sababu alikuwa mufilisi kisheria: alikataa kumlipa O'Brien fidia ya kashfa aliyoamriwa na mahakama. Katika uchaguzi huo huo mwanawe, James mdogo, alisimama jimbo la Dublin County, kura za wafanyakazi zikagawanyika, na kiongozi wa Labour, Tom Johnson, akapoteza kiti chake. Larkin mwenyewe aliingia bungeni kweli mwaka 1937, akashindwa mwaka uliofuata, akarudi 1943 kwa tiketi ya Labour. O'Brien alikasirika mno kuona amepokelewa hata akaiondoa ITGWU katika chama, na Labour ikapasuka vipande viwili. Mwaka 1944 Larkin alipoteza kiti tena.

Mahali alipofaa zaidi ni halmashauri ya jiji. Kuanzia 1930 alikuwa diwani kwa miaka mingi, akishughulika na nyumba za maskini, kazi isiyo na shangwe wala roshani. Moto wa zamani haukuzimika kabisa. Mwaka 1941 serikali ilipoleta muswada wa kuvibana vyama vidogo, alisimama mbele ya umati wa Dublin, akawasha kiberiti na kuuchoma muswada hadharani. Alifariki tarehe 30 Januari 1947, baada ya kuanguka wakati wa ukarabati wa ukumbi wa chama chake, na akazikwa makaburi ya Glasnevin. Sanamu uliyoitaja, kazi ya Oisín Kelly, iliwekwa O'Connell Street mwaka 1979, mikono imeinuliwa juu. Jengo lililokuwa la Murphy, lenye Clery's chini na hoteli juu, lipo barabara hiyo hiyo: liliungua katika maasi ya 1916, likajengwa upya, na linatazamana na sanamu.

Ukitaka kuendelea kusoma, mfuatilie mwanawe, James mdogo, aliyechukua uongozi wa Workers' Union of Ireland baada ya baba. Alikuwa mtulivu, msomaji wa mikataba, bungeni tangu 1943 hadi 1957. Ndiye mmoja wa waliofanya kazi ndefu ya kuwapatanisha wafanyakazi waliogawanywa na ugomvi wa baba yake na O'Brien. Vipande viwili vya Labour viliungana 1950, mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi yakaungana 1959, na mwaka 1990 chama alichofukuzwa Larkin na kile alichokianzisha nduguye baada ya yeye kufukuzwa vikawa kimoja, SIPTU, chenye makao yake Liberty Hall.